Mama wa Kwenye Simu

Épiphanie anashona nguo hapa Gikondo, katika chumba cha mbele kinachotazamana na gereji, na mimi ni jirani yake huu mwaka wa kumi na tisa. Tunagawana ukuta mmoja wa ua. Nikimenya viazi anasikia kisu, na yeye akikanyaga cherehani mimi nasikia. Tunaimba kwaya moja, wote wawili sauti ya pili, na magauni yote ya kwaya kayashona yeye. Alifiwa na mume mapema, hakuolewa tena, hakujaliwa mtoto. Ni mtu wa maneno machache, anayecheka kwa kuziba mdomo. Nataka kuwaeleza alivyo, na siwezi kumweleza bila kusema nilichomfanyia, kwa hiyo nitasema vyote, Mungu anisaidie.

Binti yangu wa mwisho anaitwa Ishimwe, ana miaka kumi na mitano. Likizo ndefu iliyopita alikamatwa na mchezo wa kwenye simu. Watu mia moja wanashuka kwa miavuli kutoka angani, wanaokota silaha, wanawindana, na anayebaki peke yake ndiye mshindi. Zamani mchezo huo ulikuja kutoka ng'ambo kama ulivyo, damu na kila kitu. Halafu kampuni fulani ikautengeneza upya kwa ajili ya Rwanda. Kisiwa kikawa milima na migomba. Kofia za askari zikawa helmeti za motari, hawa wa pikipiki za abiria. Damu wakaitoa yote, na katika nchi hii hakuna mtu mzima aliyeuliza kwa nini. Sasa anayeshindwa hafi. Inaandikwa kwamba ametaha, yaani amerudi nyumbani, na unamwona anapanda kilima na mfuko wake begani. Na mtoto akicheza saa mbili nzima bila kupumzika, mchezo unasimama wenyewe, na sauti ya mama inamwita kwa Kinyarwanda.

Sauti hiyo waliitafuta hata makanisani. Tulikwenda wote wawili, mimi na Épiphanie, kwenye ofisi moja ya ghorofani pale Sonatubes. Mimi nimesoma matangazo ya ibada ya Kiswahili miaka kumi na mmoja. Nilikwenda nikijua watanichukua, Épiphanie nilimwomba tu anisindikize. Kijana wa kurekodi, jina lake Sangwa, alinisikiliza mpaka mwisho, akavua vile vya masikioni.

"Mama, sauti yako ni tamu kabisa," akasema. "Lakini Kinyarwanda chako kinapitia Karagwe kwanza ndiyo kifike hapa."

Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu ni kweli, nimezaliwa kule upande wa pili wa mpaka na darasa la saba nimemalizia kule. Kisha akaingia Épiphanie. Alifumba macho, akasema mstari mmoja tu. Hakuna aliyecheka. Sangwa akamwambia, "Rudia, mama," na hapo nikajua.

Tulipokuwa tunashuka ngazi akanishika mkono. "Mama Ishimwe, usikasirike."

"Nikasirikie nini? Ni Mungu anayegawa."

Hayo niliyasema kwa mdomo.

Mchezo ulipotoka, mtaa mzima ukamjua. Watoto wakitoka kuteka maji walisimama dirishani kwake: "Mama wa kwenye simu, tumechoka!" Naye, bila kuinua macho kwenye kitambaa, anawajibu kwa ile sauti, "Wanangu, wekeni simu chini, njooni mnywe uji," nao wanakimbia wakipiga kelele za furaha. Mimi niko uani naanika nguo. Nilizaa watano, nikawanyonyesha watano, na hakuna mtoto wa mtu aliyewahi kusimama dirishani kwangu. Jumapili moja Épiphanie alikuja kanisani na mafua, sauti imekauka kabisa, na moyo wangu ukafurahi. Nilitubu palepale kabla ya zaburi, lakini ulikuwa umeshafurahi.

Nyumbani ndiko kulikoniuma zaidi. Namwita Ishimwe. Namwita tena. "Nakuja, mama," na haji. Uji unafanya utando juu. Halafu ile simu inasimama, inasema polepole: "Mwanangu, umechoka. Weka simu chini, njoo unywe uji." Na mtoto anaweka simu chini, anakuja, anakunywa. Uji ni wangu na aliyemwita ni mwingine.

Siku moja nikamuuliza, "Mimi nimekuita mara ngapi?"

"Wewe unapiga kelele, mama," akajibu, bila ubaya hata kidogo. "Yule anaita."

Ikawa Jumatano, nimekwenda kwa Épiphanie kupimwa gauni jipya la kwaya. Nimesimama katikati ya chumba, bega zima limejaa pini, na yeye ameshika nyingine midomoni. Simu yake ikalia mezani. Akanionyesha kwa kidevu nimsomee, maana mikono yake ilikuwa kazini. Nikasoma kwa sauti, kama ninavyosoma matangazo: "Mzazi wa Ishimwe, namba yako ya ruhusa ya wiki hii ni..."

Nikaacha hapo.

Mchezo ule haumkubali mtoto mpaka mzazi aandikishe simu yake. Kila wiki mzazi anatumiwa namba, anampa mtoto, na anaweka ni saa ngapi atacheza. Mimi sikuwahi kutumiwa kitu. Nilidhani ni baba yake, anayeshinda Gisozi kwenye useremala, ndiye aliyeandikishwa.

"Mzazi wa Ishimwe ni nani?" nikauliza.

Épiphanie akatoa pini mdomoni, moja moja. "Aliniomba. Alisema wewe utamkatalia. Nilifikiri ameshakuambia."

"Tangu lini?"

"Tangu likizo ianze. Lakini simpi nyingi, Mama Ishimwe. Kwa siku saa mbili, basi. Jumapili simpi kabisa."

"Humpi. Wewe ndiye humpi."

"Si iko mtoto wetu sisi wote? Amekulia hapa kwangu pia..."

"Zaa wako," nikamwambia.

Cherehani ilikuwa imesimama, gereji nayo kama imesimama. Épiphanie alinisogelea, akaanza kuzitoa zile pini begani kwangu, taratibu, mkono wake ukiwa umetangulia chini ya kitambaa ili zisinichome. Zilipokwisha akasema, "Vua, nitamalizia kesho."

Jioni hiyohiyo Ishimwe akaniletea simu. Macho yamevimba. "Tante Épiphanie amejiondoa. Amesema mzazi ni wewe, uandike namba yako."

Niliandika. Ujumbe ukaja kwangu: Mzazi wa Ishimwe. Niliusoma mara mbili nikingojea kufurahi. Nikampa saa mbili kwa siku, zilezile. Alisema asante mama, na baada ya hapo hakunisemesha siku tano ila kuniitikia. Simu ilipomwita, alikunywa uji akiwa amesimama. Kwenye mazoezi ya kwaya Épiphanie alihamia sauti ya kwanza. Gauni langu alilileta mwenyewe mpaka mlangoni, limepigwa pasi, akampa Ishimwe, akaondoka bila kuingia. Lilinikaa vizuri kuliko yote aliyowahi kunishonea, na nikalivaa Jumapili nikiimba sifa.

Jumatatu nikaenda. Sikubeba kitu mkononi, maana ningebeba ndizi angedhani nalipia.

"Nimekuja kutubu," nikasema nikiwa bado mlangoni.

"Kaa."

Nilimwambia yote, hata ya mafua. Alicheka kidogo kwa yale ya mafua, akaziba mdomo. Kisha akasema, "Neno lile limeingia, Mama Ishimwe. Sitakudanganya. Litakaa humo muda. Lakini nimekusamehe."

Akakunja kitambaa, akakikunjua.

"Kuna kitu sijakwambia. Pale Sonatubes, mimi ningejua wapi namna ya kumwita mtoto? Nilifumba macho nikakusikia wewe. Ishimwe akiwa mdogo, anachezea matairi pale gereji, ulikuwa unatoka uani, hupigi kelele. Unalivuta jina lake polepole, unamwambia uji uko tayari. Ndivyo nilivyosema. Nilikuiga."

Mngedhani nilifarijika. Wivu ulipanda upya, mkali kuliko wa kwanza. Kumbe walicheka Kinyarwanda changu na kuuchukua wito wangu!

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia siku ile kwenye ngazi, ungefurahi?"

Niliaga, tukashikana mikono.

Saa kumi na nusu nilikuwa nimepika uji. Ishimwe amekaa kwenye kibaraza, kichwa kimeinamia simu, vidole vinakimbia. Nilisimama uani na kujaribu kukumbuka jinsi nilivyokuwa nikimwita. Koo lilikuwa limesahau. Nikalivuta jina lake polepole. "Ishimwe. Mwanangu. Uji uko tayari."

Akainua kichwa. Akacheka, mara ya kwanza tangu wiki iliyopita.

"Mama! Unamwiga tante Épiphanie!"

Jibu lilinijia mpaka kwenye meno. Yeye ndiye aniigaye mimi, mwanangu, sauti hiyo ni yangu, wewe ndiwe uliyeitwa hivyo kabla simu hiyo haijatengenezwa. Lakini ukuta wetu ni mwembamba, na upande wa pili cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Ndiyo, namwiga," nikasema, na sikushusha sauti. "Anaita vizuri kunishinda."

Mtoto akanitazama kwa makini, kama anayepima.

"Umekaribia," akasema. "Bado kidogo. Rudia."

Nikarudia, wivu ukiwa bado umenikaa kooni. Akaweka simu chini.