Mayai Sitini ya Ikonge

Siku niliyompelekea shangazi mashine ya kuangulia vifaranga, taa ndogo ya kijani iliyo kwenye bodi ilizimika mara moja trei iliyojaa mayai ilipoinama, kisha ikawaka tena. Niliiona. Nyuma yangu, jikoni kwake Ikonge, walikuwa wamesimama wanawake sita wa kanisani kwao, kila mmoja ameleta mayai kumi ya kienyeji, ya wengine yalikuja kikapuni, ya wengine yamefungwa kwenye leso. Shangazi alikuwa akiwaambia kwamba binti wa kaka yake amejifundisha haya mambo peke yake, kwa simu tu, bila mwalimu. Nikafunga kifuniko, nikasema, "Iko sawa."

Ninafanya kazi katika duka la dawa mjini Kisii. Jioni nikitoka, na Jumapili nzima, hucheza na vifaa vya umeme ninavyoagiza kutoka Nairobi. Vinakuja vimefungwa kwenye pakiti ndogo kama za vidonge. Bodi ninazotumia zinatoshea kwenye kiganja. Unaziandikia maagizo kwenye kompyuta, nazo zinayafuata. Ile ya shangazi niliiagiza mambo mawili: iwashe na kuzima balbu ili joto lisipande wala kushuka, na kila baada ya saa tatu iamuru mota ndogo iinamishe trei, mayai yageuke kama kuku anavyoyageuza kwa mdomo. Balbu zilitumia stima ya nyumba. Bodi na mota zilitumia chaja moja ya simu.

Nilikuwa nimeijaribu mezani kwangu kwa wiki nzima na haikukosea hata mara moja. Lakini niliijaribu trei ikiwa tupu. Nilijua kwamba mayai sitini ni mzigo, na kwamba mota ikibeba mzigo hunyonya umeme mwingi zaidi. Nilijua, ila shangazi alikuwa ameshawatangazia wenzake siku ya kuleta mayai, nami nilitaka sana kuonekana.

Siku ya kumi na mbili alinipigia asubuhi, nikiwa ninamhudumia mteja.

"Mwanangu, hii kitu yako inalia. Tik, tik, tik. Na balbu haziwaki."

"Tangu lini?"

"Sijui. Nilitoka mapema kuchuma majani chai, kurudi nikaikuta hivi. Ndani kumepoa."

Jibu lilinijia hapo hapo. Nilikumbuka taa ya kijani. Kisha nikasikia sauti yangu ikiuliza, kwa ukali kidogo, "Shangazi, ulifungua kifuniko?"

"Nilifungua jana nikaongeza maji kwenye lile bakuli la unyevu. Si wewe uliniambia niongeze?"

"Nilisema ufungue kidogo tu. Pengine uligusa waya."

"Pengine niligusa," akasema pole pole. "Mikono yangu hii ni ya jembe. Haijui vitu vya namna hiyo."

Nikamwambia aizime. Nikarudi kwa mteja na kumhesabia vidonge vyake mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilikosea.

Jumapili nilikwenda Ikonge kuichukua. Shangazi alikuwa amevunja yai moja ili ajue kama kuna tumaini. Kifaranga alikuwa ameanza kuumbika, macho yake meusi yanaonekana, lakini alikuwa amekufa. Mengine aliyafukia shambani, nyuma ya migomba. Aliniambia kwamba jana yake, baada ya ibada ya Sabato, aliwaita wale wanawake kando akawaeleza kuwa yeye ndiye aliyeharibu mashine, akawaomba radhi. Alinieleza huku akinimiminia chai, kama mtu aliyemaliza kazi ngumu. Nami nikanywa chai.

Nyumbani niliiweka mashine mezani. Safari hii nilipanga viazi sitini vidogo kwenye trei, nikagusisha vijiti vya mita yangu ya kupimia umeme kwenye bodi, nikawasha. Mota iliguna, na namba kwenye mita zikaporomoka kutoka volti tano hadi karibu na tatu. Taa ya kijani ikazimika. Bodi ilipozinduka ilianza maagizo upya kutoka mstari wa kwanza, na mstari wa kwanza, nilivyouandika mimi mwenyewe, ulisema: inamisha trei. Mota ikaguna tena, bodi ikazimika tena. Tik, tik, tik. Haikuwahi kufika kwenye mstari wa kuwasha balbu. Mbao za trei zilikuwa zimevimba kwa unyevu wa lile bakuli la maji, mota ikazidi kulemewa, na kile kilichotokea mara moja mbele ya macho yangu siku ya kwanza sasa kilikuwa hakikomi.

Mikono ya shangazi haikuwa imegusa waya wowote. Kila waya ulikuwa pale pale nilipoulehemu.

Kuirekebisha hakukuchukua hata siku mbili. Niliipa mota chaja yake yenyewe. Mwanzoni haikutii kabisa, hadi nilipokumbuka kuunganisha waya hasi wa chaja zote mbili, kwa maana bila hivyo bodi na mota hazisikilizani. Nikaongeza kapasita kubwa, kikopo kinachohifadhi umeme kidogo, karibu na mota ili ibebe ule mshtuko wa kuanza. Nikapiga trei msasa. Nikabadilisha maagizo, joto likawa la kwanza na kugeuza mayai kukafuata. Viazi viligeuka siku nne mfululizo, na mita haikutikisika.

Furaha niliyozoea kuipata kifaa kinapokubali haikuja. Wiki ile sikumpigia shangazi simu.

Nilipomrudishia mashine alikuwa ameketi nje akipepeta wimbi. Sikungoja anikaribishe.

"Shangazi, hukuharibu kitu. Kosa lilikuwa langu. Niliona dalili siku ile ile ya kwanza nikanyamaza, halafu nikakusingizia wewe."

Ungo ulisimama.

"Mimi nimefunga na kuomba juu ya hilo jambo," akasema. "Nimemwambia Mungu anisamehe kwa uzembe wangu."

Nilisema nisamehe, na hata mimi nililisikia neno lenyewe likiwa jepesi.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini wale kina mama utawaambia wewe. Mimi sitakusemea."

Sabato iliyofuata niliwaambia, uani mwa kanisa, jua likinichoma usoni. Nilieleza habari ya chaja na mota, kisha nikaona ninajificha nyuma ya maneno ya mitambo, nikaacha. Nikasema, "Nilijua, na nikamwachia shangazi abebe lawama." Mmoja aligeuza uso. Aliye mkubwa kwao akasema, "Na sisi tulikuwa tumeanza kumwita shangazi yako 'yule wa kuua mayai'. Kwa mzaha, lakini tulimwita." Hilo shangazi hakuwa ameniambia.

Hakuna aliyeleta mayai tena. Shangazi alikusanya ya kuku wake mwenyewe, akaongeza ya jirani, akajaza trei. Siku ya ishirini na moja niliomba ruhusa kazini. Walitoka vifaranga thelathini na wanane, wamelowa, wanapiga kelele kwenye joto la balbu. Shangazi aliwapanga ndani ya maboksi sita yaliyotandikwa majani makavu ya migomba, na hakujibakizia hata mmoja.

"Na wewe?" nikamwuliza.

"Wao ndio waliopoteza," akasema. "Haya, shika hilo boksi, twende tuwapelekee kabla mvua haijanyesha."

Tulizunguka nyumba zote sita. Kila tulipofika walimshukuru yeye, nami nikasimama pembeni nikishikilia boksi.