Mdomo kwa Sikio

Saa tatu asubuhi. Mama Vocha amepiga magoti mbele ya kabati la chuma chini ya mnara wa simu, tochi kaibana kwa meno, mgongo kampa mwandishi wa habari hizi. Anaitoa tochi kidogo. "Huku usipige picha. Subiri nikuletee uso."

Ndani ya kabati, katikati ya feni na nyaya, mna kisanduku cheusi kisichozidi mkoba wa shule. Hiyo ndiyo ruta. Watu husifu mnara kwa urefu wake, kumbe mnara kazi yake kudaka tu. Ruta ndiyo inayozijua njia za simu zote na kuzisukuma mpaka makao makuu. Minara mitatu ya jirani nayo inapitia hapa. Ruta ikizimwa, simu yako itaonyesha vijiti vimejaa, lakini hupigi wala hupigiwi.

Leo anatoa ya zamani, anafunga mpya. Ruhusa ya kuzima ni saa moja tu, na jasho linamtoka kwa sababu nyingine: saa nne kamili bintiye anapigiwa simu ya usaili na chuo cha uuguzi. Binti yuko nyumbani, bondeni, kwenye mtandao huu huu.

"Kaniambia, 'Mama, siku zote hizo, umeona uzime leo?' Nikamwambia mwanangu, ratiba si yangu. Ila simu yako itaita, nakuapia!"

Jina lake lilianzia chini ya mwavuli, alipokuwa akiuza vocha. Mtandao ukikatika, wateja walimjia juu yeye. "Matusi nayala mimi, na faida ya siku nzima hainunui kilo ya sukari! Nikasema, basi, acha niende kwenye mzizi wa fitina." Akajiunga na chuo cha ufundi, wanafunzi wenzake wakimwamkia shikamoo. Huu ni mwaka wake wa tisa kazini.

Ruta huongea kwa nyuzi mbili nyembamba za kioo, moja ya kusema, nyingine ya kusikia. Mafundi wa hapa huziita mdomo na sikio. Mdomo wa huku lazima uingie kwenye sikio la kule.

Anachomeka. Anawasha. Taa ya kijani haiwaki.

Anachomoa, anapangusa ncha, anachomeka tena. Wapi! Saa nne inakaribia na uso umemsawijika. "Jamani, mtoto wa watu nimemponza," ananong'ona, kana kwamba mtoto si wake.

Mwenzake, fundi umeme ambaye utani ni chakula chake, anachungulia begani. Anaangua kicheko. "Mama Vocha, umewabusisha! Mdomo kwa mdomo!"

Mama Vocha anajishika kichwa. Haraka haraka haina baraka, na kosa hili ndilo analowachekea wanafunzi wanaokuja kujifunza kazi kila muhula. "Yaani wote wanasema, hakuna anayesikiliza. Kama ndoa ya dada yangu!" Anacheka huku akizibadilisha nyuzi.

Taa inawaka, kijani kibichi. Fundi umeme anapiga vigelegele vibovu, mwanamume mzima.

Mama Vocha hajatulia. Saa nne imepita kidogo. Je, wamepiga? Wamekata tamaa? Anampigia binti. Sauti ile ya kike inayojulikana na kila mtu inajibu: namba unayopiga inatumika kwa sasa.

"Maisha yangu yote naichukia sauti hii," anasema, machozi na meno vikionekana pamoja. "Leo ningeikumbatia!"

Majibu ya usaili bado, lakini mama ameshapanga. Ng'ambo ya kilima kuna zahanati isiyofikiwa na mtandao, na mnara wake umo kwenye mpango. Ruta yake ameomba aifunge yeye. "Mwanangu atibu huko, mimi nimfikishie simu za wagonjwa. Akinitoza hela ya matibabu, nitamkatia mtandao."

Anajaribu tena. Bado inatumika.

"Waache waongee," anasema, akifunga kabati taratibu. "Mdomo umepata sikio."