Sahani Zilizobaki kwa Bi Khamisa

Saa kumi na mbili asubuhi Bi Khamisa Mwinyihaji yuko uani kwa watu, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani, anapokea mchele. Majirani wanaingia mmoja mmoja na vikapu vyao. Kila anayefika anaulizwa swali lile lile, bila kuonewa haya: mchele huu ulikaa wapi, na ulitiwa nini?

Kabla ya kuumimina kwenye beseni anachota ukufi mmoja, kiasi cha kujaa kiganja, anaufunga kwenye kitambaa na kuutia alama ya mwenyewe. Vifundo hivyo anavipanga juu ya rafu ya jikoni. Hataviondoa hapo mpaka wageni wawe wamekula, wamelala na kuamka salama.

"Wengine wananuna," anasema bila kuinua uso. "Wananiuliza, Khamisa, siku hizi umekuwa askari? Nawaambia ndiyo, hebu leteni huo mchele."

Leo ni harusi ya Muhsina, katika kijiji kilicho mwendo mfupi kutoka Msambweni. Kwa mpishi mwingine ingekuwa pilau tu. Kwa Bi Khamisa, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, ni shughuli kubwa ya kwanza tangu mwaka jana, na inafanyika katika ua ule ule ambamo jina lake liliharibika. Waalikwa wakikataa kula leo, anasema, mwiko wake atautia motoni.

Mwaka jana, mvua za El Niño zilipokwisha, baba yake Muhsina alifariki. Ilipofika arobaini yake, mpunga wote ulikuwa umeozea bondeni na mchele ulikuwa wa kutafutwa kwa tochi. Mjane wake, Bi Mishi, aliamua wageni wapewe pure. Kama ilivyo kawaida ya huku, kila nyumba ilileta mahindi au kunde zake, vyote vikachanganywa. Bi Khamisa, ambaye amepika kwenye shughuli za watu tangu usichana wake, akaosha, akachemsha, akapakua.

Kabla ya magharibi watu walianza kutokwa na mate na jasho. Wakatapika, wakatetemeka, mboni za macho zikasinyaa. Zaidi ya ishirini walilazwa hospitali, Muhsina akiwa mmoja wao. Hakufa mtu, na Bi Khamisa hamalizi kuisimulia siku ile bila kumshukuru Mungu kwa hilo.

Maneno hayakungoja wagonjwa wapone. Wapo waliosema sumu, wapo waliosema uchawi. Bi Mishi, kwa uchungu wa mwanawe, alitamka mbele ya watu kwamba wa kuulizwa ni mpishi. Yeye mpishi hakuugua, maana mpishi hula mwisho, na zamu yake ilipofika sufuria ilikuwa tupu. Hilo nalo likahesabiwa kuwa ushahidi.

Kisha kuna suala la sahani. Penye shughuli wanawake huazimana vyombo, na kila mmoja hutia alama yake chini ya sahani kwa rangi ya kucha. Mpishi huviosha, akaviweka kwake, wenyewe wakaja kuvidai. Safari hii hakuja mtu. Sahani zilikaa kwa Bi Khamisa, rundo lililofika kiunoni, na kila baada ya muda akawa anazitoa, anaziosha vumbi na kuzirudisha chini ya kitanda.

"Nilikuwa nikizitazama naona nyuso za watu," anasema. "Hii ya fulani, hii ya fulani. Wananiamkia vizuri njiani, lakini sahani yao hawaitaki."

Hakuna aliyemwita kupika tena. Akaanza kuuza mahamri kando ya barabara kuu, kwa wapita njia wasiojua jina lake.

Linalokera katika kisa hiki ni kwamba jibu lilikuwapo muda wote. Hospitali ilikuwa imechukua damu ya wagonjwa. Watu wa kilimo, waliokuwa wakichunguza dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, walikuwa wamechukua mahindi kutoka madari ya kijiji hicho hicho. Watu wa mifugo nao walikuwa wakishangaa dawa ya kupe inavyokwisha upesi kuliko ng'ombe waliopo. Kila ofisi ilikuwa na kipande chake, ikakifungia kabatini kwa unadhifu mkubwa, kwa zaidi ya mwaka mzima.

Aliyeyafungua makabati ni Bwana Kaindi, mratibu wa kamati mpya ya serikali inayounganisha utafiti wa kemikali zenye sumu wilayani Kwale. Wazazi wake walihamia huku kutoka Ukambani, naye alikulia kwenye mashamba waliyogawiwa wahamiaji. Anaeleza kwamba katika kikao cha kwanza kabisa daktari alitaja dalili za wagonjwa wale, na mtu wa mifugo akamwomba arudie. Alikuwa ameziona dalili hizo kwa wachungaji wanaonyunyizia ng'ombe dawa bila kujikinga.

"Hakuna aliyeficha kitu," anasema Bwana Kaindi. "Ni kwamba hakuna aliyekuwa na kazi ya kumuuliza mwenzake."

Mahindi yaliyosalia kwa watu wa kilimo yalipopimwa, yalikutwa na dawa ya kupe. Mvua zilikuwa zimebomoa josho la kuogeshea ng'ombe, kwa hiyo wafugaji walikuwa wakienda na dawa nyumbani. Huko darini dumuzi walikuwa wakiyamaliza mahindi yenye unyevu. Kuna mtu aliyewaza kwamba kinachoua kupe hakitashindwa na dumuzi, na pengine hakuwa peke yake.

Mwezi wa sita mwaka huu Bwana Kaindi aliyaeleza hayo barazani, mbele ya kijiji kizima. Bi Khamisa alilia bila kujificha. Baadaye mratibu alimwita kando na kumwambia kwamba wakipima vumbi la madari wanaweza kuijua hata nyumba yenyewe. Mpishi alikataa.

"Kijiji chenyewe ndio hiki, mwanangu," anasema alimjibu hivyo. "Nikimjua, nitampikiaje?"

Badala yake aliomba afundishwe. Yeye na wapishi wenzake kadhaa sasa huiwekea kamati ukufi wa kila nafaka wanayoipokea, na ofisi zote tatu zinayasoma majibu kwa pamoja. Lakini baraza haliwezi kumrudishia mtu hamu ya kula. Sahani zilibaki pale pale, hadi Bi Mishi mwenyewe alipokuja, akakaa mkekani, akazungumzia mvua kwa muda mrefu, kisha akasema Muhsina anaolewa na ametaka mkono wa Bi Khamisa.

Saa saba mchana masinia yanawekwa. Pilau inanukia ua mzima, lakini mikono haishuki. Wanawake wanatengeneza kanga ambazo hazijakaa vibaya. Mwandishi wa makala haya naye, aibu iliyoje, anajikuta akisubiri mwingine aanze.

Bi Mishi anatoka ndani. Huku mwenye harusi hali kabla ya wageni, lakini anajipenyeza katikati ya mkeka, anasema Bismillahi, anakula. Anatafuna taratibu, wote wakimtazama.

"Khamisa," anasema, "chumvi imekaa."

Kutoka chumbani Muhsina anatuma aongezewe sinia. Hapo mikono inashuka.

Bi Khamisa anakula mwisho, kama desturi, na safari hii amejiwekea. Anasema kamati imepewa muda hadi mwaka ujao, naye anaogopa kwamba baada ya hapo kila mtu atarudi kwenye kabati lake. Anataka ibaki.

"Sitaki makubwa. Nataka pahali pamoja pa kupeleka ukufi wangu, na nirudishiwe jibu."

Alasiri wanawake wanageuza sahani wakitafuta alama zao. Mmoja anazipata zake zote, anazipanga kapuni, lakini haondoki. Anamsogelea mpishi na kuuliza kwa sauti ya chini kama zile za mwaka jana bado anazo.

"Ninazo," anasema Bi Khamisa. "Ni safi. Twende ukachukue."

Anafuta mikono kwenye kanga na kutangulia njia ya kwake. Nyuma yao wanawake wengine wawili wananyanyua vikapu vyao na kufuata.