Vijiko Viwili vya Mzee Waya

Mzee Waya alikuwa fundi redio tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hakuwa mtu wa kuficha sifa zake. Usipomsifu, alijisifu mwenyewe akakupunguzia kazi. Redio iliyowashinda wenzake ikishaongea mezani kwake, aliipiga meza kofi na kumwita mkewe: "Umesikia?" Mkewe alikuwa akisikia miaka yote hiyo, na bado aliitikia.

Mjukuu ndiye aliyemshinda. Binti yao alikuwa amesafiri kikazi, akawaachia mwanawe wa miaka miwili, waliyemwita Kidoti kwa udogo wake. Kwa bibi alikwenda bila maneno. Lakini babu akinyoosha mikono, ile mikono migumu iliyoungua kwa miaka ya kulehemu, Kidoti alijificha nyuma ya gauni la bibi na kuangua kilio. Mzee aliumia hasa. Alisingizia kazi, akaenda kukaa karakanani bila kugusa kitu.

"Mpe muda, mzee," mkewe alimwambia.

"Muda upi? Jumapili mama yake anamchukua. Mkono mtupu haulambwi, mama. Ngoja nimtengenezee kitu, atanifuata mwenyewe."

Akatafuta kopo la biskuti, spika na vipuri vya redio iliyokufa, betri, na vijiko viwili vya chai alivyovitoa jikoni bila kuomba ruhusa. Kila kijiko alikifunga waya uliotoka ndani ya kopo. Ukishika kimoja kwa mkono huu na kingine kwa mkono ule, umeme kidogo ulipita mwilini mwako na kopo likaimba. Ukikaza vidole sauti ilipanda, ukilegeza ilishuka.

Bibi alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Yaani unamtia mtoto umeme?"

"Betri ya redio hiyo, haimtekenyi hata sisimizi. Hebu shika."

Akashika, kopo likaguna, naye akacheka mpaka akajishika mbavu. "Sawa. Ila vijiko vyangu virudi!"

Mzee aliendelea kuirekebisha sauti kwa vidole vyake mwenyewe mpaka ikawa nzito na tamu, kama ya njiwa. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la fundi hasa: alipimia mkono wake. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa kavu kama gome, umeme ulipita humo kwa taabu. Kidoti naye alishinda akinyonya vidole.

Basi akakabidhiwa vijiko. Akatoa vidole mdomoni, akavikamata na mate yake yote. Kopo likapiga yowe la kupasua masikio. Kidoti akavitupa, akapiga la kwake.

"Ngoma ikivuma sana hupasuka," bibi alisema, akimbeba.

"Haijapasuka! Mikono yake imelowa, umeme unapita mbio. Naweka rezista ya kuubana, yamekwisha."

Akaketi sakafuni, kijiko kimoja mkononi, mkono wa pili ukipekua droo aliyoishusha kando yake. Alishaipata rezista, kipunje chenye michirizi ya rangi, Kidoti aliponyamaza na kuteremka. Mtoto akaokota kijiko cha pili. Kimya. Akakitikisa. Kimya. Akalitazama kopo, akakitazama kijiko cha babu, kisha akautazama mkono uliokishika. Mzee hakuthubutu hata kukohoa.

Kidoti akanyoosha kidole kilicholowa, akamgusa babu yake.

Kopo likaimba. Halikupiga yowe, lilitoa ile sauti nzito, tamu. Ngozi ile kavu ilikuwa imeubana umeme, kama ambavyo rezista ingefanya. Kidoti akaondoa kidole, kukawa kimya. Akagusa tena, likaimba. Akacheka kwa sauti, akapanda mapajani kwa babu na kukikamata kidole gumba chake kwa kiganja kizima. Alipokaza, kopo lilipandisha sauti, naye akazidi kukaza.

Rezista ilikuwa imemponyoka mzee. Bibi aliinama, akaiokota.

"Hii je, huiweki?"

Mzee Waya alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yamemlenga na mkono wa kuyafuta hakuwa nao.

"Irudishe kwenye droo, mama," alisema. "Mahali pake nimekaa mimi."