Vidole Viwili vya Petroli

Hapa Babati kuna watu wazima, wengine wana wajukuu, ambao hawalijui jina langu la ubatizo. Wananiita Vidole Viwili, na nikigeuka (maana nageuka, nifanyeje) wanacheka. Aibu ninayo mpaka leo, sikatai, ila afadhali jambo lenyewe mlisikie kwangu kuliko kwa Mwalimu Bura, ambaye kila akilisimulia anaongeza chumvi mpaka haliliki.

Miaka ile ya shida mnaikumbuka, sabuni ya foleni, unga wa foleni, petroli kwa kibali, ukiona watu wamejipanga unajipanga kwanza halafu ndipo unauliza kinagawiwa nini. Katikati ya hayo yote sisi wendawazimu tisa tulikuwa na umoja wa wapenda pikipiki, watu wakatuita Wala Vumbi. Pikipiki tisa, zinazowaka nne, lakini kila Jumamosi tunazisugua kwa majivu kana kwamba rais anapita. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Bura, mtu wa Mbulu kama mimi, mweka hazina alikuwa Baba Mwajuma, mzee mwenye duka kule Maisaka, na katibu ndiye mimi. Kazini nilikuwa karani wa mahakama, na nadhani ugonjwa wangu ulianzia huko, maana ukishinda mwaka mzima unaandika maneno ya washitakiwa, hata mkeo akikwambia chumvi imekwisha unataka shahidi.

Michango yetu hatukuiweka noti. Noti za siku zile ukiziweka zinatosha gurudumu, ukizirudia zinatosha tyubu, ukichelewa tena zinatosha kiraka. Kwa hiyo tulikubaliana kila mmoja akipata petroli yake ya kibali amege kidogo, tuimimine kwenye pipa moja, tukaomba na barua ya kuruhusiwa kulihifadhi, na pipa likakaa stoo ya Baba Mwajuma, nyuma ya duka, chini ya bati. Hiyo ndiyo ilikuwa hazina yetu yote. Ufunguo mmoja wa stoo alikuwa nao yeye, mmoja mimi, na sheria ilisema pipa halifunguliwi mpaka tuwepo wote wawili. Sheria hiyo niliiandika mimi, kwa mkono wangu huu.

Balaa lilianza na kikombe cha chai. Nilikuwa nimepita dukani (rafu tupu, viberiti na chumvi ya mawe basi), nikampa mzee shikamoo yake, akaitikia, "Marahaba, katibu, karibu chai." Mama Mwajuma akaleta, nikaonja. Sukari! Tena si ile ya kudanganyia ulimi, sukari ya kweli, na kwangu tulikuwa hatujaionja mwezi wa pili ule. Nikanywa, nikaongezewa, nikanywa, na hata sijafika barabarani nikaanza kujiuliza: hii sukari kaitoa wapi? (Mnaona nilivyo? Kikombe cha kwanza nilishukuru, cha pili nikafungua jalada la kesi.) Duka tupu, sukari ndani, na pipa letu liko kwake. Nikaamua nikachungulie tu, mara moja tu, ili moyo utulie.

Nilikwenda saa saba mchana, Baba Mwajuma akiwa msikitini, jua linapiga bati mpaka linalia. Kizibo cha pipa kilikuwa kimekazwa, nikatia spana yangu, kikatoa ukelele ambao nilidhani umesikika mpaka Nangara, na Mama Mwajuma alikuwa anapika nyuma ya ukuta uleule. Nikatumbukiza ufito, nikautoa, palipoishia unyevu nikakata alama kwa kisu. Wakati wa kufunga nikaona nikitia spana kitalia tena, basi nikakizungusha kwa vidole, nikasema inatosha. Kulikuwa na kipete chekundu cha mpira kimeanguka sakafuni, na siku zile nani aliacha kitu chini? Nikakitia mfukoni. Kikanifaa sana, maana daftari langu la umoja halikuwa na jalada, nikawa nalikunja kama chapati na kulivisha kile kipete, linakaa barabara.

Moyo ulitulia siku tatu. Siku ya nne nikarudi, nikarudi tena, na baada ya wiki mbili unyevu ukaishia chini ya alama yangu kwa upana wa ukucha. Heh! Kuanzia hapo nikawa nakwenda kila siku saa saba, nafungua, napima, nafunga kwa vidole, naondoka nikiwa na hasira na furaha kwa pamoja. Tena stoo ilianza kunuka petroli hata hujaingia, mwanzoni haikuwa hivyo, nikaandika daftarini: "Harufu. Anaichota." Mama Mwajuma akaanza kulalamika kichwa, akawa anafukiza udi kutwa, nikaandika: "Udi. Wanaficha harufu." Na chini yake, kwa kujiona nina akili, nikaongeza: "La kuvunda halina ubani." Wiki ya sita upungufu ulifika vidole viwili kamili.

Ikawadia siku ya mkutano wa kuamua umoja unaelekea wapi. Mwalimu Bura alitaka petroli yote itupeleke Singida na kurudi, msafara wa pikipiki zote zinazowaka, watu wajue tupo. Wengine walitaka tugawane, kila mtu abebe chake na umoja ufe kwa amani. Baba Mwajuma alikuja na lake: gari la wagonjwa limesimama kwa kukosa mafuta, kwa nini petroli hii tusiitumie kidogo kidogo kuwabeba wagonjwa wa Nakwa na Nangara kwenye pikipiki zetu? Wenzangu walisema mzee ana roho nzuri. Mimi nilisema moyoni, aa, ndiyo hivyo, anataka itoke kidogo kidogo ili asije mtu akapima.

Na hapa ndipo nilipofanya lile ninalolijutia kuliko yote. Nilimfuata katibu kata, nikamwomba aje mkutanoni na mgambo wawili, nikamwambia kuna mhujumu uchumi. Jamani, mnajua neno hilo lilikuwa na uzito gani siku zile. Wiki hiyohiyo mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa amechukuliwa kwa ajili ya mifuko ya saruji, na mkewe alikuwa bado anazunguka kuuliza yuko wapi. Nililijua hilo, na bado nikaenda.

Tulikutana Jumamosi mchana darasani kwa Mwalimu, Nangara, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa videvu. Katibu kata na mgambo wake wamekaa nyuma. Walikuwa wamepita mbele ya duka kule Maisaka, kwa hiyo Mama Mwajuma naye aliwafuata, akasimama dirishani na kanga yake mdomoni. Ubishi ulikuwa umepamba moto, huyu Singida, yule tugawane, nikasimama.

"Mwenyekiti, kabla hatujaamua petroli iende wapi, tuulize kwanza imekwenda wapi!"

Nikatoa ufito wangu kama wakili, nikawaonyesha alama ya kwanza na alama ya mwisho, nikaweka vidole katikati, vikaenea. "Vidole viwili! Wiki sita! Mwizi siku zake arobaini, na leo ni ya arobaini na mbili!"

Katibu kata akauliza, "Mzee, una la kusema?"

Baba Mwajuma aliinuka taratibu, akavua kofia. "Wallahi, sijaligusa pipa lile tangu tulifunge wote," alisema, na sauti ikamkatika hapo. Mama Mwajuma akapiga kelele dirishani, "Mume wangu hajala hata tone! Hata tone!" Mgambo mmoja tayari alikuwa amesimama. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa natabasamu.

"Subirini," akasema Mwalimu Bura. "Katibu, tusomee muhtasari wa siku tulipolifunga pipa, tujue lilifungwaje."

Nikasema vizuri, ushahidi uzidi. Nikachomoa daftari mfukoni, nikavua kile kipete, nikakivisha mkononi kama kawaida yangu ili kisipotee, nikakohoa, nikasoma kwa sauti ya mahakamani: "Mweka hazina alionyesha kizibo pamoja na pete ya mpira aliyoikata kwenye tyubu nyekundu ya baiskeli yake, akaeleza kwamba bila pete hiyo, na bila kukazwa kwa spana, petroli itaondoka yenyewe kwa joto la bati. Wajumbe wakaridhika." Nikasoma mpaka nukta. (Karani mzuri huandika bila kusikiliza, na mimi nilikuwa karani mzuri sana.)

Nikainua kichwa nikitegemea sijui nini, pengine makofi. Hakuna aliyekuwa ananitazama usoni. Darasa zima lilikuwa linatazama mkono wangu, na pale mkononi, chekundu, kimekaa kama bangili ya harusi, kilikuwa kile kipete.

Baba Mwajuma ndiye aliyeuliza, tena kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. "Katibu, pipa ulikuwa unalifungua saa ngapi?"

"Saa saba," nikasema. "Mchana."

"Na kufunga, unafunga kwa kitu gani?"

"Kwa... kwa vidole."

"Vingapi?" akauliza mtu wa dawati la nyuma, na sijui shetani gani alinituma kujibu, nikajibu kweli: "Viwili."

Ebo! Walicheka wale watu. Walipiga madawati, mmoja akaanguka, katibu kata alifuta machozi kwa karatasi za serikali, akasema, "Mgambo wangu nimewatoa kwenye foleni ya unga. Sasa niambieni, tumchukue nani?" Wakacheka upya.

Aliyenyamazisha kicheko ni Mama Mwajuma. Alisema kutoka pale dirishani, hata hakupaza sauti, "Siku zote hizo nimekuwa nawasha udi pembeni ya mlango wa ile stoo. Nawasha kwa kiberiti. Na Mwajuma analala chumba kinachofuata." Halafu akalia. Nilisimama pale na ufito wangu, nikaliona duka lile linawaka moto mchana kweupe kwa sababu nilitaka moyo wangu utulie.

Mkutano uliamua haraka kuliko mikutano yetu yote. Hakuna Singida, hakuna kugawana, tunabeba wagonjwa kama mzee alivyosema. Mimi nilihukumiwa kuvijaza vile vidole viwili kwa kibali changu mwenyewe, na mpaka vijae nitembee kwa miguu. Nilitembea miezi minne, na kila nilikopita vijana waliinua vidole.

Jumapili baada ya misa nilikwenda Maisaka kuomba radhi. Nilijua watanifukuza, na nilikuwa tayari. Baba Mwajuma alisema, "Yamepita, kaa," na mkewe, macho bado mekundu, akaleta chai vikombe vitatu. Akafungua kikopo cha dawa ya watoto, kidogo hivi, akakwangua sukari kwa kijiko, akaitia kwenye kikombe changu. Kisha akafunga kikopo. Vikombe vyao viwili akavisogeza hivyohivyo, bila kuvitia.

"Na nyinyi, mama?" nikauliza.

"Sisi tumeshazoea kavu," akasema. "Hiyo ni robo tuliyopata kwenye foleni, tunaiweka kwa ajili ya mgeni."

Nikakumbuka siku ile nilikunywa vikombe viwili. Niliinywa ile chai kwa taabu, nikaosha kikombe mwenyewe ingawa walinikataza, nikaaga. Tangu hapo mtu akinikaribisha chai nakunywa nilichopewa, kikombe kimoja, na sukari yake siiulizi imetoka wapi.