Ngano Iliyojimea

Kuna mahali ambapo Daktari Hadiya hunyamaza. Wageni wanaofika kituo cha utafiti cha Njoro kutazama ngano wamepazoea bila kujua sababu. Hutembea nao kati ya vitalu, akieleza jinsi ugonjwa wa kutu unavyolivamia shina na kuipasua ngozi yake, na anapofika pa kuitaja dalili ya kwanza, ile ambayo mkulima anapaswa kuiona kabla hajapoteza shamba zima, haitaji. Huchuma bua moja, huliinua usawa wa macho yao, hulizungusha polepole kati ya vidole, kisha hungoja. Vijana waliotoka vyuo vikuu hudhani neno limempotea. Mmoja aliwahi kumsaidia.

"Madoadoa, daktari."

Hadiya alimshukuru kwa kichwa na kuendelea mbele.

Neno hilo alikuwa nalo tangu utotoni. Nyumbani kwao Bondeni, mjini Nakuru, Kiswahili hakikuwa lugha ya kuulizia bei kwa watu baki. Kilikuwa lugha ya jikoni na ya kukemewa. Babu yake alitoka Lamu kuja kushona kanzu na makoti karibu na soko, na ingawa alizikwa Nakuru, lafudhi yake haikuzikwa naye. Kwao madoadoa yalikuwa ya kuku wa nyanya, ya ndizi iliyoiva hadi kuwa tamu, ya chui katika hadithi. Alipelekwa Mombasa kwa shangazi kusoma sekondari, kisha akaenda ng'ambo akakaa huko miaka mingi, akisomea vinasaba vya kuvu wanaokula nafaka. Alirudi na shahada yake ya uzamifu na Kiswahili kile kile cha jikoni, safi kama sahani za wageni kabatini. Hakujua kwamba katika miaka hiyo neno moja lilikuwa limepewa kazi nyingine huku Bonde la Ufa. Nani humwandikia jamaa aliye ng'ambo kumweleza ni maneno gani yameoza?

Kazi yake ilikuwa kutu ya shina. Ile mpya, iliyoonekana kwanza Uganda mwishoni mwa miaka ya tisini, ilikuwa imeivunja kinga ambayo ngano ya nchi nyingi iliitegemea. Hadiya alisaga majani machanga, akatoa vinasaba vyake, akavipitisha kwenye mashine ya kuvinakili mara nyingi, akitafuta alama ya kinga nyingine ambayo kutu haijajifunza kuifungua. Lakini mashine haijui shamba. Aliyejua shamba ni Nderitu, msimamizi wa vitalu, mwanamume mrefu mwenye mwanya, aliyepiga mluzi tangu akiingia langoni asubuhi hadi akitoka. Ukitaka kujua yuko kitalu gani, ulisikiliza. Yeye ndiye aliyemwambia Hadiya kwamba mistari ya nyuma, karibu na ua, itaishinda kutu.

Palikuwa na sheria kituoni: huwezi kutoka kwenye kitalu chenye kutu na kuingia kwenye kingine bila kubadili ovaroli na kunawa. Vumbi la kutu ni jekundu kama matofali, na hushika nguo. Nderitu aliwatania wageni waliokasirika kuvuliwa makoti yao.

"Mzee, kutu haina miguu. Miguu yake ni wewe."

Mwezi Novemba mwaka 2007, mavuno yakiwa yamekwisha, walialikwa Olenguruone, juu ya Mau, kuzungumza na wakulima. Kampeni za uchaguzi zilikuwa zimepamba moto, na hema walilopewa lilikuwa limetumiwa na mwanasiasa siku iliyotangulia. Mabango yake bado yalining'inia kwenye nguzo. Nderitu alifurahia safari ile. Olenguruone ndiko alikozaliwa, na mamake aliishi huko bado, kwenye shamba ambalo baba yake alilinunua zamani. Alisimama mbele kumtambulisha daktari.

"Huyu ni Mswahili wa ukweli," aliwaambia. "Si kama sisi wa kubahatisha. Mkisikia neno mgumu, nyamazeni tu, mjifanye mmeelewa."

Watu wakacheka. Hadiya akaanza. Alisema kwamba mavuno hayamalizi ugonjwa. Punje zilizodondoka humea zenyewe, zikakaa kijani msimu wote ambao shamba limelala, na kutu hulala ndani yake ikingoja mvua. Nderitu alisimama kando yake ameshika fungu la mabua yenye ugonjwa, akiliinua lionekane hadi nyuma.

Mwanamume mmoja aliyevaa koti la mvua akanyoosha mkono. "Daktari, hiyo ngano imejimea, haikupandwa na mwenye shamba, sindio?"

"Ndiyo. Imejimea."

"Na kama ni mzuri? Imenenepa, ina masuke?"

"Hata ikiwa nzuri. Madhali haikupandwa hapo, ina hatari. Mkiona madoadoa, msingoje. Ng'oeni. Ondoeni madoadoa yote mapema, kabla hayajasambaa shamba zima."

Kisha kicheko kikalipuka upande wa kushoto, kicheko cha watu wanaopigana viwiko. Mtu akapiga kelele, "Umesikia? Hata daktari amesema!" Mwingine, "Mama, rudia hiyo, na nguvu!"

Hadiya aliona amewapata. Kwa kawaida wakulima walimsikiliza kwa adabu ya watu wanaongoja soda. Leo walikuwa hai. Akacheka nao, akarudia. Baadaye, alipolikumbuka hema lile, na alilikumbuka bila kutaka, aliona kile ambacho macho yake yaliona lakini yeye hakukiona: kwamba upande wa kulia hapakuwa na aliyecheka. Walitazama viatu vyao. Na Nderitu, aliyekuwa amelishika fungu la mabua juu ya kichwa, alilishusha taratibu mpaka likamfunika kifua.

Njiani kurudi hakupiga mluzi.

"Umechoka?" Hadiya akamwuliza.

"Nimechoka, daktari."

Walipofika kituoni alinawa mikono kwenye bomba muda mrefu kuliko sheria ilivyotaka. Wakati wa Krismasi akaenda kwao kukaa na mama na kupiga kura. Hakurudi.

Vitalu vikawa kimya. Watu wa Nakuru wanaukumbuka Januari ule wa fujo za baada ya uchaguzi kwa kelele zake, lakini Hadiya anaukumbuka kwa ukimya wa vitalu. Simu ya Nderitu ilijibiwa na sauti ile ya mashine, kila mara kwa upole ule ule. Juu ya Mau moshi ulisimama mchana kutwa kama mtu aliyeitwa akasahau kuondoka. Umeme ulikatika, na Hadiya na Jeruto, msaidizi wake wa maabara, walikuwa wakihamisha sampuli kwenye friji ya jenereta pale Jeruto aliposema, bila kumtazama:

"Nderitu hajapatikana?"

"Bado."

"Kwao kumechomwa. Nimeambiwa na watu wa nyumbani." Jeruto naye alikuwa mtoto wa Olenguruone, wa ukoo uliokuwa huko kabla ya mashamba kupimwa. Akafunga mlango wa friji. "Daktari, si ulijua?"

"Kujua nini?"

"Ile maneno ulisema kwa hema, nikiwa hapo nyuma. Madoadoa."

"Ni madoa tu, Jeruto. Ya kutu."

"Kwetu si ya kutu. Ni watu. Ni wale walitoka kwingine wakanunua mashamba. Nilisikia hiyo neno kwanza nikiwa darasa la sita, na kabla ya muhula kuisha deski za mbele, za watoto wao, zilikuwa wazi." Alifuta mikono kwenye koti lake jeupe. "Ondoa madoadoa. Ni hivyo tu wanasemanga. Huongezi kitu."

Hadiya akamgeukia. "Mbona hukuniambia siku ile?"

"Ningekuambia aje? Wewe ndio mwenye Kiswahili. Nilifikiri unajua, na unasema tu."

Tangu saa hiyo Hadiya hakutaka kitu kingine ila kimoja: amwone Nderitu yu hai, na amwambie kwamba hakujua. Alilitaka jambo hilo kama mtu anavyotaka maji. Maneno yake aliyapanga akiwa anaoga, akiwa anasali, akiwa anasaga majani. Kila alipofumba macho aliuona mkono ule ukilishusha fungu la mabua.

Mwishoni mwa Januari upepo uligeuka. Sasa mjini Nakuru waliotafutwa nyumba kwa nyumba walikuwa watu wa Jeruto, na wengine pia, na waliowatafuta waliuliza majina kabla ya kuuliza lolote. Hadiya alimchukua Jeruto akamficha Bondeni kwa mamake. Mama akampa buibui lake la harusini na kumfundisha kujibu salamu.

"Ukiitwa, wewe ni binti yangu Ruqaiya," mama akasema. "Sema jina lako."

"Ruqaiya," akasema Jeruto. Akajitazama kwenye kioo cha kabati, mweusi kuanzia kichwani hadi miguuni. "Ona, daktari. Sasa doa ni mimi."

Alicheka peke yake. Hadiya hakucheka. Alikuwa ameanza kukiogopa kicheko.

Nderitu alipatikana Februari, kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, ambako zamani kituo kilipeleka ngano yake ishindanishwe. Sasa mahema meupe ya waliofukuzwa makwao yalijaa pale ng'ombe walioshinda zawadi walipopitishwa. Alikuwa kwenye foleni ya maji, ndoo miguuni, amevaa ovaroli ya kituo iliyochanika begani. Hadiya alimtambua kwa urefu. Aligundua kwamba alikuwa ametega sikio kwanza, akingoja mluzi.

"Nderitu."

"Daktari." Akamtazama viatu, kwa mazoea. "Umetoka kitalu gani na hizo viatu?"

Hadiya akamwuliza habari za mama yake.

"Yuko ndani ya hema. Mzima. Nyumba ndiyo imeenda. Na kaka yangu mdogo." Alisema hivyo kwa sauti moja, nyumba na kaka. "Unajua nani alificha mama? Yule wa koti ya mvua. Alimweka kwa ghala yake chini ya magunia, akatoka nje akakaa mlangoni na kusema hajaona mtu. Kwa hivyo usiniulize nani ni nani, daktari. Mimi mwenyewe nimeshindwa."

Hapo Hadiya akayatoa maneno yake yote aliyoyapanga. Kwamba hakujua. Kwamba kwao neno lile ni la kuku na la ndizi. Kwamba alikuwa mbali miaka ile yote.

Nderitu alisogeza ndoo kwa mguu, foleni ikiwa imepiga hatua.

"Najua hukujua," akasema. "Nilijua hata siku ile. Wewe ulisema ngano. Na si wewe uliwatuma. Walikuwa na hiyo kazi kabla yako."

Moyo wa Hadiya ulianza kurudi mahali pake.

"Lakini walipocheka, ulicheka."

"Sikujua wanacheka nini!"

"Ndio. Hiyo ndiyo nimekuwa nikifikiria hapa. Mtu anachekaje kitu hajui?" Hakuwa na hasira. Aliuliza kama alivyouliza shambani kwa nini mstari mmoja umepona na wa pili umekufa. "Ungeniangalia tu. Nilikuwa hapo kando yako."

Zamu yake ya maji ikafika. Alijaza ndoo, akaiinua, kisha akageuka. "Ile mistari ya nyuma, karibu na ua. Imebaki kijani?"

"Mitatu imebaki kijani."

"Nilikuambia," akasema Nderitu, na akaenda zake kati ya mahema. Kituo kilimwandikia arudi kazini. Hakurudi. Hatimaye alihamia Bahati, nje ya mji wa Nakuru, akapanda viazi na mahindi. Ngano hakupanda.

Mavuno yalipopita mwaka huo, Hadiya aliomba arudishwe Olenguruone. Hema lilikuwa lile lile, na upande wa kulia viti vilikuwa vitupu. Mwanamume wa koti la mvua alikuwepo, amekaa nyuma, ameinamisha kichwa. Hadiya alieleza kuhusu punje zilizodondoka na mvua na vumbi jekundu. Alipofika mahali pale alishika bua, akaliinua, na akasita. Safari hii aliwatazama. Alianzia wa mbele na kupita uso kwa uso, akafika kwenye viti vitupu, akavitazama navyo kimoja kimoja.

"Sema tu, daktari," mtu akasema kutoka nyuma. "Si ni madoadoa?"

Hakuna aliyecheka. Alibaki ameliinua bua hadi mkono ukamwuma.

Ile mistari mitatu ya nyuma ilizaa mbegu mpya yenye kinga. Wakulima wengi wanaoipanda hawajui ilitoka wapi.

Hadiya bado yuko Njoro. Siku za kazi anaishi katika nyumba ya kituo karibu na lango, na jioni hutembea kati ya vitalu peke yake, akibadili ovaroli kila anapovuka kutoka kimoja hadi kingine.