Leo Nimepewa Maombi

Naomba kuutangazia umma rasmi kwamba leo nimefungua mkutano kwa maombi.

Ni ule mkutano wetu wa waandishi wa programu za kompyuta hapa Nyeri. Mimi nilikuwa nimeomba nafasi ya kuonyesha programu yangu ya wafugaji.

Mwenyekiti akaniambia, "Madam, wakati ni mchache. Wewe tuombee tu."

Wanaume wote walikuwa na nafasi. Sisi wanawake huwa tunapewa maombi, ama chai.

Sawa. Nikasimama, wakafunga macho.

"Baba, asante kwa programu niliyoiandika. Wewe unajua inafanya kazi bila intaneti, hata kwa simu ya mulika mwizi, ile ndogo ya vitufe na tochi. Wakumbuke wafugaji wa Mukurweini wanaoitumia kufuatilia maziwa yao. Na yeyote anayetaka kuiona, Baba, mwelekeze kwa meza yangu ya nyuma."

Mwenyekiti akakohoa. Lakini nani hukatiza maombi?

Wakaitikia amina, wote.

Chai ilipofika, meza ya nyuma ilikuwa imejaa watu. Mwenyekiti pia akaja. "Kumbe ni wewe uliandika hii kitu?"

"Si ulisema amina, chairman?"

Niambieni kama nilikosea.

Mkutano ujao niko kwenye ratiba. Maombi, mwenyekiti amesema, yatakuwa ya kimyakimya.